Kokwa Mia za Ukwaju

Kazi yangu hapa Toronto ni kuosha vyombo. Watu wa nyumbani wakiniuliza kwa simu nafanya nini huku, nawaambia hivyo hivyo, naosha vyombo, na nasikia sauti zao zikijaa huruma. Huwa nawaacha na huruma yao kwa dakika moja kabla ya kuwaeleza kwamba vyombo vyenyewe ni vya maabara ya chuo kikuu: chupa, mirija, vikombe vya kupimia, mabakuli ya kioo. Naviosha, navipanga kwenye mashine ya mvuke, navitoa vikiwa vya moto, navirudisha kabatini. Naipenda kazi hii. Kuna dirisha kubwa, kuna redio, na hakuna mtu wa kunisimamia kichwani.

Kabla ya hapo nilikuwa mtaalamu wa maabara kwa miaka ishirini na saba katika hospitali ya wilaya, Tanzania, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliikalia kazi moja, kusoma kwa hadubini slaidi za makohozi nikitafuta kifua kikuu. Nilipokuja kukaa na binti yangu hapa mjini, mtaa wa Crescent Town, nilikuwa nimeshastaafu. Vyeti vyangu vilitazamwa na wahusika wa huku, vikageuzwa mbele na nyuma, nikaambiwa nirudi shule. Nikacheka. Kwa umri huu na magoti haya, nikakae darasani nifundishwe kushika slaidi? Nikaomba kazi ya kuosha.

Siku zangu ni za raha, nisiseme uongo. Asubuhi navuka daraja la watembea kwa miguu hadi stesheni ya Victoria Park, napanda treni, na kabla ya kufika katikati ya mji treni hutoka chini ya ardhi na kuvuka bonde la mto, nikaona miti na theluji au miti na majani, kutegemea na mwezi. Jioni wajukuu wananikuta jikoni. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na chapati zinakwisha vilevile.

Chumba changu cha kuoshea kinapakana na chumba cha wanafunzi wa uhandisi. Walikuwa sita, na kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, wa ukoo wa Kihindi uliotoka Moshi enzi za bibi yake. Siku ya kwanza alinisikia nikiitukana mashine ya mvuke kwa Kiswahili, akachungulia mlangoni akiwa na tabasamu la mtu aliyesikia sauti ya nyumbani kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi yake: alijua sufuria zote na matusi yote madogo, lakini akitaka kueleza jambo refu anahamia Kiingereza. Tangu siku hiyo akawa ananiita Anti, na mimi nikawa namwita mwanangu.

Alichokuwa anakitengeneza na wenzake ni sanduku, ukubwa wake kama boksi la viatu vya kiume. Ndani yake mlikuwa na lenzi moja nzuri, taa ndogo, kamera iliyong'olewa kwenye simu ya zamani, na mota mbili walizozitoa kwenye printa mbovu. Unaiweka slaidi, unadondosha tone la mafuta, unafunga kifuniko, na sanduku linaisogeza slaidi lenyewe, linapiga picha duara baada ya duara, yaani kila sehemu inayoonekana kwenye lenzi kwa mara moja, mpaka zitimie mia, kisha linakuambia limeona vijidudu vya TB au halikuona. Bei yake haikufika ya friji dogo. Walitaka liende kwenye vituo vya afya vijijini, ambako mashine kubwa za kisasa hazifiki, na zikifika hukaa zimefunikwa kitambaa kwa kukosa vifaa vyake au umeme.

Sikuambiwa haya yote kwa siku moja. Niliyaokota kwa kusikiliza, maana mtu anayeosha vyombo haonekani na watu huzungumza mbele yake bila kujizuia. Wala sikujipendekeza. Lakini niliona slaidi zao kwenye sinki langu. Walikuwa wanafanyia mazoezi makohozi ya bandia, waliyoyapika wenyewe kwa yai na vijidudu jamaa wa TB visivyomdhuru mtu, na walikuwa wameyapaka mazito kiasi kwamba utando ukishapakwa rangi unabanduka na kuteremka na maji. Wiki mbili nilivumilia. Wiki ya tatu uvumilivu ukanishinda, nikaingia chumbani kwao na kuwauliza nani aliyewafundisha kupaka slaidi kama anapaka siagi kwenye mkate.

Msichana akasema wamesoma mwongozo. Nikamwambia anipe gazeti. Chumba kizima, vijana sita na laptopu kumi, hakuna gazeti. Nikatoa kwenye mkoba wangu karatasi ya matangazo ya duka la vyakula, nikaiweka mezani, nikaishika slaidi moja juu yake na kuwaambia wasome. Hawakuona kitu. Nikachukua kijiti, nikapaka wa kwangu, mwembamba, nikauacha ukauke, nikaushika palepale. Bei ya viazi ilisomeka, kwa taabu kidogo lakini ilisomeka. Nikawaeleza kwamba kwetu ndivyo tunavyojua utando umekaa sawa, herufi ziwe zinaonekana kwa kuzikodolea macho. Mmoja wao akaandika kwenye daftari.

Nilipokuwa natoka nikawatupia na lingine. Niliwaambia wanapaka utando mrefu mno. Msichana akachukua rula, akapima: sentimita mbili kamili, kama mwongozo unavyosema. Nikamwambia rula haijawahi kusoma slaidi. Nyumbani niliwagombeza vijana wa maabara kwa kosa hilohilo miaka nenda rudi, maana kila slaidi niliyoletewa, nikishamaliza kuhesabu duara zangu mia, kipande kizima cha utando kilikuwa kimebaki upande wa kulia hakijaguswa. Niliwaambia wanapoteza makohozi na wanapoteza rangi. Waliniogopa, wakajitahidi kupaka utando mfupi, na bado kipande kilikuwa kinabaki.

Basi tangu siku ile nikawa mtu wa sanduku. Nikimaliza vyombo, saa nane au saa tisa hivi, naingia kwao. Nikawaonyesha jinsi rangi nyekundu inavyopashwa moto mpaka itoe mvuke bila kuchemka, jinsi asidi inavyoiondoa, jinsi buluu inavyokuja mwisho na kukifunika kila kitu isipokuwa kijidudu cha TB, ambacho kikishashika wekundu hakiuachii. Nilikuwa nimesahau jinsi ninavyoupenda wekundu ule. Mara ya kwanza nilipoinamia tena hadubini, baada ya miaka mitano, nilikaa dakika nzima bila kusogeza kitu, macho yamenijaa machozi, nikasingizia taa.

Profesa wao, mzee mpole wa Kikanada anayezungumza kwa sauti ya chini hata akiwa amekasirika, alikuja kunitazama nikisoma. Akauliza maswali mawili matatu. Wiki iliyofuata akasema kwamba sanduku likifika kwenye jaribio lake la kwanza, mimi ndiye nitakayekuwa msomaji wa kulinganisha nalo. Maana yake ni kwamba neno langu ndilo lingekuwa kweli, na sanduku lingepimwa kwa hilo. Sikulala usingizi mzuri siku hiyo kwa furaha. Nilimpigia dada yangu Tanga nikamweleza mara mbili.

Sasa niseme habari ya kokwa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkuu wangu wa maabara alikuwa mtu wa nidhamu kali. Sheria ya kusoma slaidi ni kwamba huwezi kuandika hasi, yaani hakuna ugonjwa, mpaka uwe umetazama duara mia. Ukiziona tisini na tisa, hujaona. Lakini mtu akiwa ameinamia hadubini hawezi kuhesabu kichwani huku akitafuta. Akili itaacha kimoja. Kwa hiyo mkuu alikuwa na kokwa za ukwaju mia moja ndani ya kopo la maziwa. Kila duara moja, unachukua kokwa moja kwa mkono wa kushoto bila kutazama, unaitupa kwenye sahani. Kopo likiwa tupu, umemaliza. Siku niliyoripoti alinihesabia kokwa zangu mwenyewe, kumi kumi, mbele yangu, akanikabidhi kopo na kuniambia nisije nikaandika hasi ikiwa kuna kokwa ndani. Sikuwahi kuandika. Hilo naweza kuapa.

Kopo lile nilistaafu nalo, nikaja nalo. Uwanja wa ndege hapa Toronto niliwaambia nina mbegu, afisa akazitazama, akauliza ni za nini, nikamwambia ni za kuhesabia. Akapiga simu mahali, akarudi, akaniruhusu nipite nazo. Vijana wa uhandisi walipoliona kopo walifurahi mno. Msichana alipiga picha. Sauti ya kokwa kwenye sahani, to, to, to, ikawa ya kawaida chumbani mwao, na mmoja wao aliniambia kwamba inamsaidia kufikiri.

Slaidi za jaribio zilitoka kituo cha afya kimoja cha nyumbani, makohozi ya watu wa kweli, yaliyokaushwa na kuuliwa wadudu kwa moto kabla ya kusafirishwa. Zilikuwa ishirini. Daktari wa kituo hicho alikuwa hapa mjini kwa mafunzo, na Alhamisi inayofuata alikuwa anarudi. Kama jaribio lingekwenda vizuri angelibeba sanduku kwenye mzigo wake, likaanze kazi. Kama lingekwenda vibaya lingebaki, na msichana alikuwa anamaliza masomo mwezi wa nne. Asingekuwepo tena wa kulisukuma, na kila mtu alijua vitu kama hivi vikishapandishwa kwenye rafu haviteremki. Profesa aliweka sharti moja ambalo hakulitaka lijadiliwe: sanduku likisema kuna ugonjwa mahali ambapo msomaji hauoni, hata kwenye slaidi moja tu, haliendi. Hakutaka mtu asiyeumwa anyweshwe dawa miezi sita kwa makosa ya boksi.

Nilisoma slaidi zote ishirini kwa siku mbili. Ijumaa mchana tukakaa mezani, mimi na karatasi yangu, msichana na laptopu yake, profesa katikati. Moja, sawa. Mbili, sawa. Tukafika kumi na tatu, zote sawa, mimi nikaanza kumtania msichana kwamba sanduku lake limeninakili. Kumi na nne, karatasi yangu inasema hasi. Sanduku linasema chanya, vichache. Kumi na tano hadi ishirini, sawa.

Profesa akavua miwani. Akaniuliza kwa upole kama ningependa kuisoma tena ile moja, ningeweza kuisoma Jumatatu, hakuna haraka. Nikamwambia nimesoma slaidi kabla msichana huyu hajazaliwa, nimesoma mpaka kokwa ya mwisho, na mimi nikisema hasi ni hasi. Akatikisa kichwa kunikubalia, akaandika. Msichana hakubisha. Bibi yake alimlea vizuri. Watu wa aina yake hawabishani na mtu mzima mezani. Alifunga laptopu taratibu, akaniuliza kama ninataka chai.

Kule dirishani, tukiwa wawili, ndipo aliposema.

"Anti, I'm not saying umekosea. Lakini mashine imeona kitu, pale mwisho-mwisho, upande wa kulia. Niliangalia zile picha mwenyewe."

"Ni uchafu wa rangi, mwanangu. Hutokea."

"Okay, Anti," akasema, na akanimiminia chai.

Niliondoka nikiwa nimemkasirikia, na kwenye treni nikagundua kwamba ninachokasirikia ni ule upole wake. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Jumamosi binti yangu na mumewe waliwapeleka watoto kuogelea. Nikabaki peke yangu, jua la mwezi wa tatu limeingia jikoni, nimejipikia uji wa kutosha mtu mmoja. Neno la msichana halikuniacha. Pale mwisho-mwisho, upande wa kulia. Mimi kule sifiki. Kokwa zangu huisha kabla. Nilikuwa nimelichukua kopo kwenda nalo nyumbani kwa hasira, kama mtu anayehama, na lilikuwa palepale juu ya meza. Nikalimimina.

Nilizipanga kumi kumi, kama alivyozipanga mkuu wangu. Mafungu yakawa saba, na nne pembeni.

Nikazihesabu tena. Nikapiga magoti nikatazama chini ya meza, nikatazama ndani ya mkoba, nikakung'uta kopo. Sabini na nne. Nikakaa kwenye kiti na uji ukapoa.

Nilijaribu kukumbuka zilipotea lini, na kumbukumbu zikaja kwa urahisi kiasi cha kunitia aibu. Zilianguka kwenye nyufa za sakafu ile ya hospitali. Watoto wa mwenzangu walikuwa wanakuja maabara shule ikifungwa, na kokwa za ukwaju ni mchezo wao. Mlinzi wa zamu aliwahi kuniomba chache akachezee bao, akarudisha kiganja kimoja na mimi nikazipokea bila kutazama. Kila mwaka pengine moja, pengine mbili. Niliosha kopo mara nyingi, nilibadilisha sahani, nilifundisha vijana wangapi sijui kwa kutumia kokwa zilezile. Sikuwahi kuzihesabu tena. Zilikuwa mia, mkuu alinihesabia mwenyewe.

Na kile kipande kilichokuwa kinabaki upande wa kulia, ambacho niliwagombezea watu miaka yote ile, hakikuwa cha ziada. Walikuwa wamepaka sawasawa. Mimi ndiye nilikuwa siendi mpaka mwisho. Sanduku la msichana halikuwa na kopo. Lilikuwa linahesabu lenyewe.

Nilikuwa na hasira, kisha nikacheka peke yangu kwa sauti. Nikavaa koti nikatoka. Nilipanda basi mpaka Agincourt, kwenye lile duka ambako huwa nanunua samaki, nikanunua boksi la ukwaju mtamu ukiwa na maganda yake. Nilikaa kwenye benchi ndani ya jengo la maduka, nikala ukwaju mpaka ulimi ukakwaruza, natema kokwa kwenye leso. Mama mmoja wa Kichina aliyekaa karibu alinitazama, nikamkaribisha, akala vipande viwili na kunipa kokwa zake bila kuuliza. Nilirudi na kokwa ishirini na sita. Zilikuwa mpya, zinang'aa, nyeusi kuliko zile za zamani, na mtu yeyote angeziona zilivyo tofauti.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria hivyo kwenye basi, kituo baada ya kituo. Jumatatu ningeisoma slaidi ya kumi na nne, kama kuna kitu ningesema macho yalinichezea Ijumaa, watu wazima husamehewa macho. Sanduku lingeondoka, msichana angefurahi, na mimi ningebaki na jina langu. Hakuna ambaye angehesabu kokwa za bibi kizee.

Jumatatu sikugusa vyombo. Niliingia kwao moja kwa moja, nikaomba slaidi, nikainama. To, to, to. Kokwa za zamani zikaisha na sijaona kitu ila buluu. Nikaanza zile mpya. Kokwa ya kumi na tisa, kijidudu kimoja, chekundu, kimejikunja kidogo, kimelala karibu na ukingo wa duara. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kokwa ya ishirini na nne, viwili vimekaribiana. Mafuta yalikuwa safi, slaidi ilikuwa safi, na uchafu wa rangi haukai hivyo. Nikamaliza mpaka kopo likawa tupu kweli.

Nikamwita profesa. Nikamwambia slaidi ya kumi na nne ni chanya, vitatu katika duara mia. Msichana akaziba mdomo kwa mikono miwili. Profesa akaanza kunishukuru kwa kukubali kuangalia tena, na hapo ndipo ningeweza kuishia. Nikamwambia anyamaze kwanza. Nikamwaga kokwa mezani, za zamani upande mmoja, mpya upande mwingine, nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha kukata mbao, kila kitu. Kwamba slaidi zote nilizoziandika hasi nilizisoma robo tatu. Kwamba jaribio lake halina msomaji mpaka nizirudie zote.

Hakuna aliyecheka. Profesa aliuliza ningehitaji muda gani. Nikasema mpaka Jumatano. Nilizisoma upya hasi zote kumi na moja zilizobaki, mpaka kokwa ya mwisho kila moja, na zilikuwa hasi kama sanduku lilivyosema. Jumatano saa sita mchana profesa alitia sahihi. Vijana walikumbatiana, mmoja akanibusu kwenye paji la uso bila ruhusa. Nilifurahi, tena sana. Nilikwenda kuosha vyombo vya siku tatu nikiimba.

Saa tisa msichana akaja na laptopu. Daktari angelichukua sanduku asubuhi, na ndani ya boksi ilitakiwa karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili. Tukakaa dirishani. Yeye anasoma Kiingereza, mimi namwambia tuandike nini, anachapa kwa kidole kimoja akiniuliza herufi. Alitaka tuanze na jinsi ya kuwasha. Nikamwambia hapana, sentensi ya kwanza iwe hii: mgonjwa aliyeambiwa hana na bado anakohoa baada ya wiki mbili, arudi apimwe tena.

Aliichapa. Halafu akasimamisha kidole.

"Lakini Anti, hii si ya mashine. Why kwanza?"

Nilitazama nje. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye kioo.

"Kwa sababu wale niliowaandikia hasi, mimi sikuwaambia warudi," nikasema. "Waliokuwa wakirudi nilikuwa nawapima tena. Wasiorudi, nilikuwa najua wamepona."